Gari Lenye Taa

"Hiyo sio mbio, hiyo ni foleni ya Kimara!" Elinipa alikuwa ameshapanda juu ya benchi, helmeti kwapani, anamnyooshea Bernard kidole. "Magari ishirini yanafuatana kama msafara wa bibi harusi! Akishatangulia mmoja kwenye kona ya kwanza, basi, mpeni kombe lake watu twende nyumbani!"

"Shuka kwenye benchi la watu!" Bernard naye sauti juu. "Unajua nini wewe? Langalanga ni akili. Dereva anapigana na upepo, anapigana na tairi, anapigana na sekunde. Wewe mpaka mtu aanguke ndo unaona mbio."

"Ndiyo! Mbio bila kuanguka ni gwaride! Angalia pikipiki. Mtu analala mpaka kiwiko kinakwaruza lami, yuko spidi mia tatu, hana mlango, hana mkanda, hana bodi. Hao ndo wanaume."

"Jumatano si na wewe ulilala? Pale kwenye tuta, na abiria juu. Mbona hatujakuletea kombe?"

Banda zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kabisa, pale feni halifiki, naangalia tivii bila kuiangalia.

Hilo ni banda la Salumu, kibanda umiza, hapa hapa Tangini, Kibaha. Mabati pande zote, mabenchi sita, tivii moja kubwa na king'amuzi. Mlango nao ni wa bati na umetazamana na tivii, kwa hiyo mtu akiingia tu, jua lote linapiga kwenye kioo na picha inapotea. Ndo maana ukifungua, hata kabla hujasalimia, watu wote wanakupigia kelele: "Mlango!" Hiyo ndo salamu ya pale.

Elinipa ni bodaboda. Bernard ni karani wa halmashauri, tunamwita Afisa, Jumapili akitoka misa ya kwanza anakuja moja kwa moja na shati lake la kanisani. Mimi naitwa Zubeir. Nimemaliza fomu foo mwaka juzi, nikapata ile divisheni ya mwisho, na tangu hapo nipo tu. Watu wakiniuliza siku hizi nafanya nini, nasema nipo nipo.

Zamani kwenye huu ubishi mimi ndo nilikuwa msemaji. Langalanga, yaani Fomula Wani, nilikuwa naijua kuliko Bernard. Tairi laini, tairi ngumu, nani kabadilisha injini, nani kagombana na bosi wake, vyote kichwani. Nikianza kuongea hata Afisa alikuwa ananiachia uwanja. Upande wa rali alikuwa anakaa mtu mmoja tu, benchi la mbele, miguu mirefu kaikunja kama panzi. Hussen. Mdogo wake Salumu.

Hussen ana miezi nane kaburini.

"Haya, tusibishane," Elinipa akashuka kwenye benchi. "Bro Salumu, leo Kenya kuna rali, iko laivu, chaneli ya pili yake hapo. Tuwekee hata nusu saa. Tupumzike na hii foleni ya Afisa."

Salumu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki pembeni ya tivii, rimoti mapajani. Ilikuwa Ramadhani, mfungo wa kumi na nane, midomo imemkauka. Akasema taratibu, "Humu rali haiwekwi."

"Tangu mwaka jana unasema hivyo hivyo. Wateja wanaenda banda la kule chini. Mimi nakupenda ndo nakwambia. Na marehemu mwenyewe alikuwa anaipenda rali kuliko..."

"Eli," Bernard akamkata. "Acha."

"Nimesema vibaya? Si anaipenda kweli?"

Salumu akanyanyua macho. "Alikuwa anaipenda. Na mimi ndo niliyemtuma kwenye kifo chake, sasa unataka niiangalie? Nikae hapa nishangilie?" Akapangusa rimoti kwenye kanzu kama vile ina vumbi. "Mfaidi tu hizi siku zilizobaki. Idd ikiisha nauza kila kitu. Tivii, king'amuzi, mabenchi. Kuna jamaa wa Mlandizi ameshakuja kuangalia."

Bernard akauliza kwa upole, "Ukiuza utaenda wapi? Nyumbani Kibuta?"

"Kibuta naenda na uso gani?"

Hapo ndo mate yaliniisha mdomoni, na sio kwa sababu ya swaumu.

Maana mimi najua anachokisema Salumu. Mtaa mzima unakijua, yeye mwenyewe keshakisimulia mara kibao. Siku ile ya rali kule kwao Kibuta, Kisarawe, asubuhi alimpigia Hussen simu, akamwambia, "Nirekodie gari la kwanza. Sogea karibu kabisa, nataka nisikie changarawe zinaipiga simu." Baada ya saa moja na kitu akapigiwa yeye, kwamba Hussen kagongwa na gari la kwanza, katikati ya barabara. Basi Salumu akajumlisha mwenyewe. Nimemwambia asogee, kasogea, kafa. Tangu arobaini hajakanyaga kwao. Mama yake anampigia, hapokei. Akimkosa, yule mama anapiga kwangu: "Zubeir mwanangu, mwambie kaka yako aje Idd. Mwambie sijamkasirikia." Mimi namwambia Salumu, Salumu anatikisa kichwa.

Na ule mzigo, ule uliomla Salumu miezi nane mpaka shingo imekuwa nyembamba hivi, sio wake. Ni wangu. Siku zote nimeujua kwamba ni wangu.

Ngoja niseme ilivyokuwa.

Ubishi ulianzia humu humu bandani. Hussen alikuwa mpole, haongei sana, ila siku hiyo nilimchokoza nikamwambia rali ni mbio za washamba, unasimama porini masaa manne, gari linapita sekunde mbili, unarudi nyumbani umekula vumbi kilo mbili. Akacheka. Akasema, "Zube, langalanga wewe ndo unaifuata, na hutaifikia mpaka ufe. Rali inakuja yenyewe. Inapita mbele ya choo chetu." Kweli, rali ya mkoa ilikuwa imepangiwa kupita kwao, kwenye ile njia ya vumbi inayotoka Kibuta kwenda Vihingo. Njia ambayo Hussen kaipita utoto wake wote na baiskeli ya mkaa. Kila kona anaijua. Akasema, "Njoo kwetu uone kwa macho. Usipopiga kelele, narudi nakuwa mtu wa langalanga."

Nikaenda. Ijumaa jioni tulilala kwao, mama yake akatupikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na mimi ndo nilikula zaidi. Asubuhi tukiwa tunatoka, mama Salumu alikuwa anafagia uwanja. Hakuacha hata kufagia, akasema tu, "Likipita lile lenye taa, msivuke tena. Mtulie huko huko mlipo mpaka yaishe yote."

"Haya mama," Hussen akaitikia.

Yule mama hajui mbio, hajui injini, tivii yenyewe anaangalia kwa jirani. Ila magari yale yameshapita pale kwao mara mbili tatu, na watu wa kule wanajua kitu kimoja tu, na kinawatosha. Likipita gari lenye taa juu, unakaa pembeni.

Tulitafuta kona yetu wenyewe, mbali na watu. Kuna kingo ya udongo mwekundu, juu yake mikorosho, unaiona barabara yote kwa chini. Hussen ndo aliichagua. Hapo ndo simu ya Salumu ikaingia, akaongea naye, akakata, akacheka. Akaniambia, "Bro anataka changarawe ziipige simu. Anatania yule. Tutarekodia hapa hapa juu." Akanipa simu nirekodi mimi, kwa sababu yeye mkono wake unatetemeka akiwa na furaha. Alikuwa amevaa kofia nyekundu, kaipokea siku mbili nyuma kutoka kwa Salumu, karatasi ya bei bado imening'inia.

Tukakaa. Jua likapanda. Baadaye tukasikia ngurumo, na kwenye kona likatokea gari, taa zinazunguka juu, ving'ora, linaenda mwendo wa kawaida tu. Likapita. Vumbi likatulia.

Nikasema, "Hiyo sefti ka."

Yaani kwa sauti ile yangu ya bandani, ya msemaji. Kwenye langalanga ndo ilivyo. Likitoka gari la taa, mambo yameharibika huko mbele, magari yote yanapunguza, yanapanga foleni nyuma yake, hakuna kupitana. Nimeliona mara mia kwenye tivii. Nikamwambia, "Sasa hivi yanakuja taratibu, yamepangana. Shuka usimame ng'ambo pale, nikuchukue wewe na gari la kwanza nyuma yako. Hiyo klipu Salumu ataiweka bandani kila siku."

Hussen akasita. Akasema, "Mama kasema likipita la taa tutulie."

Na mimi nikajibu. Hili neno nikilala linakuja, nikiamka linakuja. Nikasema, "Mama yako anajua mbio?"

Akacheka kidogo, ile aibu ya mtu aliyeambiwa mshamba mbele ya mgeni wake. Akashuka. Kurekodi nilikuwa nimeshabonyeza tangu ile ngurumo ya kwanza. Akafika katikati ya barabara, akasimama, akageuka kuniangalia, akashika kofia.

Halafu gari la kwanza likatokea kwenye kona, halijapunguza kitu.

Sitasema zaidi ya hapo.

Watu walipokuja mbio kutoka kona ya pili, wengine wakambeba, mimi nilibaki juu ya kingo na simu mkononi. Nikaangalia ile klipu. Sauti yangu imo, yote, tangu "shuka usimame." Nikaifuta. Halafu nikaenda kule kwenye vilivyofutwa, nikafuta na kule. Watu wanalia, mwenzangu amelala kwenye khanga ya mtu, na kidole changu kinafanya kazi hiyo. Polisi waliponiuliza nikasema, "Alishuka mwenyewe kurekodi. Simu nimeiokota chini." Mama yake aliposikia akasema neno moja, "Nilimwambia." Akakaa chini. Mpaka leo anaamini mwanawe alikufa akiwa hajamsikia.

Na wamenipenda! Hicho ndo kibaya. Mama Salumu ananiita jicho lake, kwamba mimi ndo niliyemwona mwanawe mwisho. Msimu wa korosho alinitumia mfuko mzima. Salumu, Ramadhani hii yote, futari nakula kwake. Ananikatia muhogo mkubwa ananiwekea mimi, kile kipande alichokuwa anamwekea mdogo wake. Na mimi nakula.

Sasa turudi bandani.

Bernard alikuwa ameinamisha kichwa, Elinipa anachezea kamba ya helmeti. Kwenye tivii gari moja likagonga ukuta, vipande vikaruka. Mtangazaji akapandisha sauti. Na hapo hapo likatoka gari la usalama, taa za njano juu, linazunguka taratibu, na magari yote yakaja nyuma yake, yakapanga mstari.

"Haya sasa!" Elinipa akapata upenyo wa kubadilisha hali ya hewa. "Nilisema foleni, mkakataa. Trafiki huyo kaja."

Bernard akacheka naye, kwa kutaka tu watu wacheke. "Hapo hata bibi yangu anavuka na kikapu chake. Ila usije ukajaribu kwenye rali, dogo. Kwenye rali gari la taa ni kinyume kabisa. Lile linatangulia kuwaambia watu njia imefungwa. Likishakupita, nyuma yake ni moto."

"Ah, ndo maana." Elinipa akapiga paja lake. Hakuwa na ubaya, namjua, mdomo tu hauna breki. "Kumbe ndo Hussen alivyochanganya. Kaona taa, kadhani ni kama hizi za kwenye tivii. Mungu amrehemu, alikuwa mshamba wa mbio, tuseme ukweli. Kachanganya langalanga na rali."

Salumu alikubali tu kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeongezewa kajiwe kwenye mzigo.

"Hakuchanganya," nikasema.

Sijui hata nilisimama saa ngapi.

"Nini?" Elinipa akageuka.

"Hussen hakuchanganya. Alikuwa anajua. Mama yake alimwambia asubuhi na yeye akanikumbusha. Mimi ndo niliyechanganya."

"Zube, kaa chini," Bernard akasema. "Swaumu hiyo."

"Sio swaumu, Afisa, niache niseme, nisiposema leo sisemi tena." Nikamgeukia Salumu. "Bro Salumu. Sio wewe. Ile simu yako, kuhusu changarawe, hakuifuata. Alicheka. Alisema bro anatania, tutarekodia hapa hapa juu. Tulikuwa juu ya kingo, sehemu salama kabisa, aliichagua yeye. Gari la taa likapita, mimi nikasema hiyo ni sefti ka. Nikamwambia ashuke nimpige picha na gari nyuma yake. Akakataa. Nikamwambia mama yako anajua mbio? Ndo akashuka."

Salumu alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia mdomo wa mtu nyuma ya kioo.

"Simu alikuwa nayo nani?" akauliza.

"Mimi."

"Ulisema umeiokota."

"Nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa narekodi."

Salumu akaweka rimoti chini, taratibu, kama yai. "Ile simu mimi nimeipekua yote. Picha moja moja. Siku saba za msiba sikulala, natafuta. Hakuna klipu."

"Niliifuta."

"Uliifuta."

"Sauti yangu ilikuwemo. Nilivyokuwa namwambia ashuke."

Elinipa akasema "Duh," kwa pumzi tu. Bernard akanyoosha mkono akapunguza sauti ya tivii mwenyewe. Feni likawa linasikika.

Mimi nilikuwa nimejiandaa, miezi nane nimejiandaa, kwamba siku nikisema Salumu atanirukia. Nilitaka anirukie. Ana mikono mizito, alikuwa fundi seremala, yale mabenchi kayapiga mwenyewe. Lakini hakuinuka. Akauliza kitu ambacho mimi sikukiwaza hata siku moja.

"Na sauti yake ilikuwemo?"

"Eeh?"

"Ya Hussen. Kwenye hiyo klipu. Ilikuwemo?"

"Ilikuwemo."

"Inasema nini?"

"Alifika katikati akageuka. Akashika kofia. Akasema, Zube, nivue kofia au niiache?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia iache, umependeza."

Salumu akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mpaka magari ya kwenye tivii yakamaliza kupanga foleni na gari la taa likaingia pembeni na mbio zikaanza upya, bila sauti.

"Namba yake naipiga," akasema, macho bado kafumba. "Simu yake nimeiacha kwenye droo, haina chaji, lakini naipiga. Kila Alhamisi. Anapokea yule dada wa mtandao, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Namsikiliza mpaka anamaliza Kiswahili, anasema na Kiingereza. Nasikiliza vyote. Kwa sababu sina kitu kingine. Alikuwa haongei yule mtoto, hata meseji za sauti hatumi, unajua alivyokuwa. Miaka sita nimekaa naye, sina sauti yake hata ya sekunde moja." Akafumbua macho. "Na wewe ulikuwa nayo. Ukaiua."

"Bro..."

"Usiniite bro."

"Nilikuwa naogopa."

"Kuvuka ni ujinga. Ujinga upo, watoto wote wajinga, mimi nilikuwa mjinga kuliko nyinyi. Ningelia nikanyamaza." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndo ilikuwa inaniumiza. "Lakini ulikuja hapa ukaniona nakonda. Ukakaa kwenye mkeka wangu, Zubeir. Jana magharibi umeniambia, kaka kula, usipokula utaumwa. Ukanisogezea tende. Mkono huo huo."

Elinipa alikuwa anaangalia chini, Bernard kavua miwani anaifuta na shati lake la kanisani, anaifuta tu.

"Mama anajua?" Salumu akauliza.

"Hajui. Nitaenda kumwambia mimi. Leo leo. Nikitoka hapa napanda gari..."

"Hapana."

"Nimwambie kwamba Hussen alimkumbuka. Kwamba alisema mama kasema. Anadhani hakumsikia, bro. Anadhani mwanawe alikuwa mbishi."

Hapo ndo Salumu alilia. Sio kwa sauti. Machozi tu yalishuka kwenye ile midomo iliyokauka, na akayafuta haraka kwa mgongo wa mkono yasimwingie mdomoni, mtu aliyefunga.

"Hiyo nitampelekea mimi," akasema. "Ni ya kwetu hiyo. Kesho alfajiri naenda. Nitamwambia, mama, mwanao alikusikia. Nitamwambia na mengine yote, neno kwa neno kama ulivyosema. Wewe usimpigie. Akikupigia usipokee. Na usikanyage Kibuta, sio Idd, sio hitma, sio siku yoyote. Mpaka yeye mwenyewe aseme."

"Na asiposema?"

Akanitazama. "Basi hajasema."

Nikasimama pale kama dakika nzima hivi, nikidhani kuna kitu kimebaki. Kumbe hakuna. Nilidhani nikisema nitakuwa mwepesi. Watu wanasema hivyo, sema utapumua. Salumu ndo aliyepumua. Mabega yake nilikuwa nayaona, yalikuwa yameshuka, shingo imerudi mahali pake. Akaokota rimoti pale chini, akaigeuza geuza mkononi, halafu akabonyeza.

Vumbi likajaa kwenye tivii. Njia nyembamba ya udongo, vichaka huku na huku, wamama wamesimama mbali juu ya kingo na miamvuli. Elinipa aliyekuwa anaililia hiyo rali hakusema neno. Bernard hakusema langalanga yake irudishwe. Wote watatu wakawa wanaangalia. Gari likatokea kwenye kona likiwa limelala upande, likarusha mawe, likapotea.

"Weka sauti," Salumu akamwambia Bernard. "Nataka nisikie changarawe."

Nikaanza kutembea kuelekea mlangoni. Nilipita benchi la mbele, pale alipokuwa anakaa akikunja miguu. Hakuna mtu kakaa pale tangu mwaka jana, hata banda likijaa siku ya Simba na Yanga.

Nilipofungua, jua likaingia lote, likapiga kwenye kioo, na rali yao ikapotea ikawa weupe mtupu. Nikasubiri. Kila siku hapo ndo watu wanapiga kelele.

Hawakupiga. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Walikaa tu mbele ya ule weupe, wananisubiri niishe.

Ule mlango bawaba yake ya chini imekatika, hauendi mpaka uunyanyue kidogo. Nikatoka nje, nikaunyanyua kwa mikono miwili, nikaufunga.